Ng'ombe Wasiohesabiwa wa Mau Narok

Kazi ya Nyakio ni kupandisha ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mjini wakisikia kuna mama wa miaka arobaini na sita huku Mau Narok anayetengeneza programu za simu, humwazia mtu wa ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka. Nyakio ana pikipiki, ana koti la mvua lililopasuka begani, na nyuma ya kiti amefunga mtungi wa baridi wenye mbegu za fahali. Ng'ombe akiingia joto asubuhi, lazima Nyakio afike siku hiyohiyo, la sivyo mwenye ng'ombe angoje siku nyingine ishirini na moja, na siku hizo zote atakuwa anamnung'unikia. Tunamwita Daktari. Yeye hukataa kila mara, na sisi huendelea kumwita hivyo.

Mimi ni Masinde. Nilifundisha somo la kilimo katika shule za upili miaka thelathini, nikastaafu, nikabaki huku kwa kuwa kwetu magharibi joto lingeniua. Ndimi katibu wa ushirika wetu wa maziwa, kazi ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Subira sina. Wanafunzi wangu wa zamani watakwambia hivyo bila kuulizwa.

Nyakio alianza kompyuta kwa hasira. Miaka mitatu iliyopita mvua ilimnyeshea njiani, daftari lake likalowa likawa uji, na humo ndimo alimokuwa ameandika ng'ombe gani alipandishwa siku gani. Msimu ule watu walishangaa ndama wakizaliwa bila taarifa. Akaapa hataandika tena kwenye karatasi. Akanunua kompyuta ya mkononi iliyotumika kwa kijana aliyekuwa amehitimu chuo kule Njoro, akawa anashuka Nakuru mjini kila Jumamosi kusoma katika chumba kimoja ghorofa ya tatu juu ya duka la mbegu. Wenzake darasani walikuwa na umri wa binti yake. Walimwita mathe, yaani mama, na kufikia mwezi wa nne mathe alikuwa akiwasahihishia kazi.

Programu aliyoitengeneza aliiita Zizi. Mkulima anaandika ng'ombe wake kwenye simu. Ng'ombe akiingia joto anabonyeza mahali, Nyakio anapata taarifa. Baadaye Zizi inamkumbusha mkulima siku ya kupima mimba, siku ya kuacha kukama, na siku ya kukaa macho kungoja ndama azaliwe. Nyumba tisini na sita za ushirika wetu zikaiweka. Mimi nilikuwa wa mwisho, si kwa sababu sikuitaka, ni kwa sababu kidole changu kimoja ndicho kinachojua kuandika kwenye simu.

Basi mwaka huu, baada ya mvua ndefu, ugonjwa wa miguu na midomo ukazuka upande wa chini, ng'ambo ya mashamba ya ngano. Ofisi ya mifugo ikatuma neno: leteni idadi ya ng'ombe wenu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, tuwaletee chanjo kwa kadiri ya idadi hiyo. Asiyekuwa kwenye hesabu, dawa yake haitakuwapo. Mwenyekiti wetu, Kiarie, akasema mbele ya mkutano kwamba kazi ni rahisi, Zizi itatoa jumla, katibu atie sahihi. Nyakio akasimama akasema orodha ikitoka na kosa, ataifunga programu yake na kurudi kwenye daftari. Alisema hivyo kwa kujiamini. Nilimwonea fahari siku ile, naye alistahili.

Jumatatu alikuja kwangu na kompyuta kwapani, uso umekunjamana.

"Mwalimu, Zizi iko na shida."

"Shida gani?"

"Inasema chairman ako na ng'ombe watatu."

"Si ni sawa?"

"Mwezi huu pekee nimepandisha ng'ombe wanne kwa boma ya Kiarie. Wanne tofauti. Nikijaribu kuandika huyo wa nne, Zizi inakataa. Inasema hakuna."

Akanieleza kwamba hata kwa jirani yake, na kwa jirani wa jirani, ni hivyo hivyo. Mahali fulani katika maandishi yake ya ndani programu ilikuwa ikimeza ng'ombe mmoja mmoja. Alikuwa amelitafuta kosa hilo tangu siku ya mkutano, mstari kwa mstari, asilione. Sasa zilibaki siku nne, na ukijumlisha ng'ombe mmoja katika kila nyumba, ni zizi kubwa zima ambalo lingekosa chanjo.

Nikamwambia hapa kwangu kuna umeme wa uhakika na chai, akae. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila akimaliza mzunguko wake, anaegesha pikipiki chini ya mwerezi, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anafungua kompyuta mezani pangu. Kompyuta ile ina programu kubwa ambayo kazi yake ni kutengenezea programu nyingine. Ukiifungua kawaida unaona picha ya simu imekaa katikati ya kioo, Zizi ikiwa ndani yake, vitufe vya kijani, kila kitu kimepangika. Lakini ndani ya menyu kuna mahali pameandikwa Developer Mode. Ukipabonyeza, kwanza inakuuliza kama una hakika. Ukisema ndiyo, picha nzuri inasukumwa pembeni na kioo kinajaa maandishi madogo yanayopanda kama siafu.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Hii ni jikoni, Mwalimu. Ile ingine ni sitting room. Mgeni anaona sahani. Hapa naona mwenye alikata kitunguu, na kama alinawa mikono."

Nilimwelewa mara moja. Hali hiyo ikiwashwa, programu inaacha adabu. Inasema kila kitu inachofanya na kila kilichofanywa juu yake: simu gani imefunguliwa, kidole kimegusa wapi, herufi gani imeandikwa. Toleo la Zizi tulilokuwa nalo lilikuwa bado la majaribio, na Nyakio alituambia wazi siku ya kwanza kwamba litakuwa likiweka kumbukumbu za kila mguso ili aweze kurekebisha makosa. Tulikubali sote. Nani husikiliza mambo kama hayo?

Jumanne aliwasha kumbukumbu za nyuma, za siku watu walipojisajili. Alitaka kuona programu inapoteza wapi ng'ombe. Nilikuwa nimemimina chai. Nikamsikia akisema polepole, "Mwalimu, hebu kuja uone."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari. Akaninyooshea kidole mmoja: simu ya Kiarie, mahali pa idadi. Imeandikwa 4. Imefutwa. Imeandikwa 3. Akashuka. Nyumba nyingine: 6, imefutwa, 5. Nyingine: 2, imefutwa, 1. Nyingine mtu aliandika 7, akafuta, akakaa dakika nzima, akaandika 7 tena, akafuta tena, akamaliza na 6. Tulishuka pamoja mpaka chini. Karibu kila boma lilikuwa limeandika ukweli kwanza, kisha likaurudisha nyuma hatua moja.

"Code iko sawa," akasema Nyakio. "Iko sawa kabisa. Ni watu."

Nami nilikuwa nimeshafika kwenye mstari wangu. Simu ya Masinde: 5, imefutwa, 4. Nilihisi masikio yanawaka moto. Miaka thelathini nimefundisha utunzaji wa kumbukumbu za shamba, nimewachapa vijana walioacha safu tupu, na siku niliyoulizwa ng'ombe wangu nikadanganya. Lakini nilikumbuka vizuri nilivyofanya. Niliandika tano, na nikahisi nyanya yangu, aliyekufa tangu sijabaleghe, ananifinya shingo. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti. Kwa akina Nyakio hawahesabu, na kwa Wakalenjin na Wamaasai tunaopakana nao hawahesabu. Ukimuuliza mtu ana ng'ombe wangapi atakwambia vichache tu, viwili vitatu, Mungu amesaidia. Mali iliyotajwa idadi imeshaitiwa macho ya husuda. Tumesoma, tuna simu, tunaenda kanisani kila Jumapili, na bado kidole kinafuta chenyewe.

"Hawa watu wananiandikia uongo," akasema Nyakio. Alikuwa amekasirika sana, na haki alikuwa nayo.

"Si uongo."

"Ni nini basi?"

Nikamwongezea chai.

Jumatano asubuhi tulipanda pikipiki mpaka kwa Chepkosgei, ajuza ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Kwenye Zizi alikuwa ameandika sifuri, na maziwa yake tunayapokea kituoni kila siku. Tulimkuta uani akichambua viazi vya mbegu. Nyakio akamuuliza kwa upole mbona aliandika hana ng'ombe.

"Kwani wewe ni polisi, unaniuliza niko na ngapi?"

"Kogo, ni ya chanjo. Dawa inakuja kwa hesabu."

"Mimi nikihesabu ng'ombe yangu, si naita fisi?" Akaokota kiazi, akakitazama, akakitupa upande wa vibovu. "Tamnyole akisikia namhesabu atakasirika."

"Tamnyole ni nani?"

Kogo akamtazama kama mjinga. "Si ni yeye huyo, ananyonyesha."

Ndama alikuwa nyuma ya nyumba, mama yake akimlamba. Nyakio akalirudia lile jina la ng'ombe, kofia ya pikipiki mkononi. Halafu akacheka, akaniambia twende nyumbani upesi.

Alichofanya mchana ule kilimchukua saa tatu. Aliondoa lile swali la ng'ombe wangapi. Mahali pake akaweka swali lingine: waite ng'ombe wako. Mtu anaandika jina, anabonyeza, anaandika jina la pili, mpaka wanaisha. Asiye na jina mwite kwa rangi yake. Kwenye simu ya mkulima hakuna tarakimu yoyote inayoonekana. Zizi inahesabu kimyakimya na, ukiacha taarifa ya ugonjwa, jumla inatokea mahali pamoja tu, kule jikoni, kwa Nyakio akiwa amewasha ile hali yake. Ili apate kujaribu haraka, alijiandikia boma lake mwenyewe papo hapo kwenye kompyuta, majina mawili, akaona jumla imekuja sawa, akaituma kwa watu wote.

Usiku wa Jumatano na Alhamisi mchana kutwa majina yakamiminika. Sijawahi kuona watu wakijaza fomu kwa furaha namna ile. Kulikuwa na Malkia watatu, Nyota, Chebo, Wakarima, na fahali mmoja aliyeitwa Bwana Mkubwa. Mwenyekiti Kiarie aliandika wanne, na mbele ya mmoja akaongeza kwamba ana kichwa kigumu. Mimi nikaandika wangu watano bila kufuta. Zizi ya mwanzo ilikuwa imetupa ng'ombe mia tatu na arobaini na mmoja. Ijumaa asubuhi ilisoma mia nne kumi na wanane. Nikatia sahihi. Nyakio alishika ile karatasi kwa mikono miwili, na niliona macho yake yamelowa, ingawa alidai ni moshi.

Chanjo zilikuja chupa kumi na saba, kila chupa ya ng'ombe ishirini na watano, kwa hiyo tulikuwa na dozi saba za ziada. Siku ya kuchanja ng'ombe walipangwa tangu alfajiri kwenye uchochoro wa mbao karibu na kituo cha maziwa, ukungu umeshika hadi saa nne. Nyakio alisimama penye lango na simu, kila anayepita anawekewa alama kwa jina. Kama nilivyotarajia, walitokea watano waliokuwa wamefichwa hata kwa majina. Wenye ng'ombe hao walikuja wameinamisha vichwa, tukawachanjia bila maneno. Nyakio aliwataka wasione aibu.

Jioni zilibaki dozi mbili katika chupa iliyofunguliwa, na chupa ikishafunguliwa hailali. Nyakio mwenyewe akapaza sauti, "Kuna mtu amebakisha ng'ombe nyumbani? Asiogope, alete sasa, nusu saa tunangoja." Tulingoja. Hakuna aliyekuja. Mtu wa mifugo akaziharibu zile dozi mbili kama sheria yao inavyotaka, na sisi tukaenda nyumbani tumechoka na tumefurahi.

Wiki tatu na siku mbili baadaye, saa nane mchana, Nyakio alinipigia simu. Hakusalimu. Alisema tu, "Mwalimu, kuja kwangu."

Nilimkuta nyuma ya zizi lake, kwenye kibanda ambacho siku zote nilidhani ni cha nyasi. Ndani alikuwa mtamba mweusi, mzuri, miguu minne myeupe, tumbo limeanza kuonyesha. Ute ulikuwa ukimdondoka mdomoni hadi chini, na mguu mmoja wa mbele aliunyanyua na kuutua kama anayekanyaga makaa. Sikuhitaji kuambiwa. Nimeufundisha ugonjwa huo darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Huyu ni wa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wangu."

"Ulisema wako ni wawili."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kwamba kabla ya huyu alikuwa na mitamba miwili, mmoja baada ya mwingine, wote wa mbegu bora aliyoichagua mwenyewe. Wa kwanza alimsifu kwenye mkutano wa akina mama, akafa kwa kuvimba tumbo wiki hiyo. Wa pili alimwandika kwenye mashindano ya maonyesho ya kilimo, akaanguka kwenye mtaro akavunjika mguu. Huyu wa sasa alisema hatamtaja kwa mtu mpaka azae.

"Siku ya chanjo ulipoita watu walete," nikasema, "ulimsahau?"

"Sikusahau. Nilikuwa naita watu, na nilikuwa namfikiria yeye. Nikasema, si amefungiwa peke yake, itamfikiaje?"

Mganga hajigangi. Ningeweza kumwambia hivyo, nikaumeza usemi wangu, kwa sababu alikuwa akilia, na kwa sababu mimi ni mtu wa 5 iliyofutwa ikawa 4. Nilimuuliza tu mimba ina miezi mingapi. Miezi mitano, akasema. Wote wawili tulijua mimba hiyo huenda isikae.

Kompyuta yake ilikuwa imewekwa juu ya gunia la pumba. Akaifungua, akawasha ile hali ya jikoni, akapandisha kumbukumbu juu kabisa mpaka mwanzo wa yote, kwenye mtu wa kwanza aliyewahi kujisajili katika Zizi. Alikuwa yeye. Mahali pa idadi palisomeka: 3. Imefutwa. 2.

"Nilisoma laini za watu wote," akasema. "Hii yangu niliiruka. Mkono uliisukuma tu."

Sikumlaumu. Nilimwambia kilichobaki ni kutoa taarifa, na kwamba akitaka nitaitoa mimi, nitaiandika kwa jina la ushirika, boma lisitajwe. Ilikuwa dhambi niliyokuwa tayari kuifanya. Mtu akitoa taarifa ya ugonjwa ule, karantini inashuka siku hiyohiyo: hakuna ng'ombe kuvuka barabara, soko linafungwa, na watu tisini na watano wanajua ni zizi la nani lililowafungia. Na huyu ndiye aliyesimama mkutanoni akaapa juu ya orodha.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Wasipojua ni kwa nani, inaenda kwa majirani."

Akachukua simu yake, si kompyuta, akafungua Zizi kama mkulima yeyote, upande wa kuripoti ugonjwa, ambako taarifa huenda kwenye simu zote za ushirika pamoja na idadi ya boma. Programu yake haikubali kuweka alama ya ugonjwa kwa ng'ombe asiyekuwa na jina. Alikuwa ameipanga hivyo kwa makusudi. Majina mawili yalikuwa yameshakaa. Chini yake palikuwa na nafasi tupu, na kidole chake kikasimama hapo muda mrefu, mtamba akipumua kwa kishindo nyuma yetu.

"Hana jina," akasema.

"Mwite kwa rangi. Si ndivyo ulivyotwambia?"

Akatikisa kichwa. Akaandika: Wa Tatu. Akaweka alama ya ugonjwa, akabonyeza kutuma, akaiweka simu mapajani.

Yangu ikalia mfukoni, maana nami ni mmoja wa wale tisini na sita. Nikaitoa nikasoma. Boma la Nyakio. Ng'ombe watatu, mgonjwa mmoja.